Ukuta Uliokuwa Ukinyamaza Mwana Akija

Ko. Ko. Ko. Ko. Halafu, karibu na kona ya kabati: bup.

Bado naisikia vizuri. Ilikuwa pete ya Bibi. Kila asubuhi, akishamaliza chai yake, alizunguka chumba chake cha kulala akigonga ukuta kwa pete ya fedha, polepole, kama mtu anayepiga hodi kwa majirani anaojua wamo ndani ila hawataki kufungua. Ukuta ulijibu ko, ko, ko, sauti kavu, mpaka afike pembeni mwa kabati la nguo. Hapo ulijibu bup, kama papai lililoiva likapitiliza.

"Umesikia?" aliniuliza siku yangu ya tatu kazini.

"Ndiyo, Bibi."

"Umesikia nini?"

"Umegonga ukuta, Bibi."

Akanitazama kwa huruma nyingi. "Huyo mwalimu wako," akasema, "mshahara wake kala haramu."

Sikubisha. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikionja tu. Nilifika Dubai kutoka Kitale na sanduku moja, daftari moja la kuchorea nyumba, na matumaini ya kujaza ndege nzima. Familia ya Bibi ilitoka Unguja zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, na hadi leo Bibi anazungumza Kiswahili cha kwao kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Ndiyo maana mwanawe alitafuta msichana anayejua lugha hiyo, wa kukaa naye na kumsafishia. Akaletewa mimi, na lugha yangu ya bara yenye mabonde na miinuko.

"Niliagiza Kiswahili," Bibi aliwaambia wageni wake mbele yangu, "wakaniletea hiki." Kisha ananisogezea sahani ya halua nisije nikanuna. Sikuwahi kununa. Halua ilikuwa nzuri.

Siku ya kwanza nilimwita madam, kama tulivyofundishwa na ajenti. Akageuka kutazama mlangoni ni nani ameingia. "Madam yuko dukani anauza viatu," akasema. "Mie Bibi." Mwanawe ndiye nilimwita sir, na hilo hakuna aliyelikataa.

Tulikaa mtaa wa Mankhool, ghorofa ya tatu, sisi wawili tu. Sir alikuwa na nyumba yake na watoto wake upande mwingine wa mji, na alikuja kila Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri, amevaa kandura, kanzu ya kwao, nyeupe pe, na tende mkononi. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye mvi za heshima, ila mbele ya mama yake alikaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuulizwa jedwali la kuzidisha.

Na sasa nieleze jambo lenyewe. Bibi alisema kuna maji ndani ya ukuta wa chumba chake. Alisema anayasikia mchana akijilaza baada ya adhuhuri. Alisema chumba kinanuka uvundo, kwamba kanga zake za mtoto wa chini wa kabati, yaani droo, zina harufu ya dau bovu, na kwamba mlango wa kabati umevimba haufungi. Fundi wa bomba aliletwa mara mbili. Alifunga mifereji yote, akaenda kutazama mita ya maji kwenye korido, akaona sindano imetulia kama mtu aliyelala, akarudi akasema, "Bomba zuri. Khalas." Mara ya pili alisema hivyohivyo, ila kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiitikia tu. Bibi akisema maji, nasema ndiyo Bibi. Akisema uvundo, nasema ndiyo Bibi. Kwetu mzee habishiwi. Lakini pua yangu ilisikia udi tu, maana Jumanne na Alhamisi mimi ndiye nilikuwa natia makaa kwenye chetezo na kupitisha moshi chumba hadi chumba kabla sir hajafika. Udi wa kutoka soko la Al Ras, mzuri wa kumfanya mtu asahau jina lake. Ungeweka mbuzi mfu chini ya kitanda, udi ule ungemfunika.

Alhamisi moja sir aliniita nje, tukasimama mbele ya lifti.

"Wewe uko naye kutwa," akasema taratibu. "Umewahi kuyasikia hayo maji?"

"Hapana, sir."

Akashusha pumzi. "Niliogopa utasema hivyo. Anasikia visivyokuwepo. Halafu kila nikija nakuta amezima AC. Mwezi wa nane! Mtu mwenye akili yake timamu anazima AC Dubai mwezi wa nane?"

Ilikuwa kweli, AC ilizimwa kila anapokuja, na mimi ndiye niliyetumwa kuizima. Nilidhani ni kwa ajili ya udi, ili moshi usipeperushwe. Sikuwahi kuuliza.

"Mwisho wa mwezi atahamia kwa dada yangu Abu Dhabi," sir akasema. "Nyumba hii tutairudisha. Wewe utatafutiwa kwingine, usijali. Usimwambie bado." Lifti ikafunguka, akaingia, na nikaona akifuta macho kwa ncha ya kilemba kabla mlango haujafunga.

Nilirudi ndani na moyo mzito. Kwa sababu jibu langu lilikuwa la kweli lakini halikuwa kamili. Sikumwambia kwamba kutwa nzima nafanya kazi na nyaya za simu masikioni, nasikiliza nyimbo, na ukuta ungeweza kuniita kwa jina nisisikie.

Bibi alijua kabla ya jua kuzama. Sijui vipi, labda uso wangu hauna pazia. "Ni Abu Dhabi, siyo?" akauliza akiwa anachambua mchele. "Binti yangu anakaa ghorofa ya thelathini na moja. Nikitaka kumwona mtu barabarani nitahitaji darubini." Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, sauti ya chini, "Humu ndimo alimofia babu yao, mume wangu. Jirani wa mbele ananijua kikohozi. Niende wapi mie?"

Hakuwa na utani wowote siku hiyo, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Kesho yake nilikuwa napiga deki, nimeinama, na nyaya zangu zikachomoka masikioni zikatumbukia kwenye ndoo. Nikazitoa, nikazipuliza, nikazitikisa, nikaziombea. Zimekufa. Basi nikaendelea kimyakimya, chumbani kwa Bibi, yeye amejilaza kitandani na uso wake ukutani.

Tep.

Nikasimama na tambara mkononi.

Tep. Halafu kimya kirefu, hadi nikaanza kujicheka. Tep.

"Bibi," nikanong'ona, "umesikia?"

Hakugeuka. "Umesikia nini?" akauliza, na najua alikuwa anatabasamu, maana bega lilicheka.

Nilichomoa ule mtoto wa chini wa kabati, nikalala kifudifudi, nikaingiza kichwa chote kwenye lile tundu na tochi ya simu. Harufu ilinipiga kama mlango. Nyuma kule, ubao mwembamba unaokimbia chini ya ukuta ulikuwa umevimba na kuinuka kama andazi. Rangi ilikuwa imetoa malengelenge. Juu yake kulikuwa na unga mweupe, kama chumvi, umejichora mstari wa kupanda na kushuka.

"Uko hai?" Bibi aliuliza nyuma yangu.

"Nipo, Bibi."

"Unaona mto? Kuna mamba?"

Nilichukua karatasi laini ya chooni, nikaikunja nyembamba, nikaisukuma kwenye ufa kati ya ubao na ukuta. Iliingia nyeupe. Ilitoka ya kijivu, imelowa, inanuka kama soksi za mlinzi. Tuliitazama karatasi ile kama watu waliookota lulu. Bibi akanishika mkono, akapiga simu mwenyewe kwa kidole kimoja. "Njoo leo," akamwambia mwanawe. "Usiulize. Njoo."

Kumbe furaha yetu ilikuwa na haraka. Baada ya alasiri Bibi akaniambia nizime AC, nikazima. Akaniambia nifukize udi, nikafukiza, tena nikazidisha kwa shangwe. Sir alifika Magharibi ikikaribia. Tukamwingiza chumbani, tukamketisha, tukamwambia asikilize.

Tukasikiliza. Jasho lilimtoka sir kwenye paji likashuka hadi kwenye ndevu. Ukuta ulikaa kimya kama bubu. Robo saa. Nusu saa. Bibi akagonga kwa pete, bup, akamtazama mwanawe kwa matumaini, na mwanawe akatikisa kichwa kwa upole, ule upole unaouma kuliko kelele.

Nikakimbilia ushahidi wangu. Nikamwonyesha ubao uliovimba. Alichuchumaa, akaubonyeza, kisha akageuka akanitazama mimi.

"Nani anapiga deki humu?"

"Mimi, sir."

"Kwa ndoo ngapi?"

"Tatu, sir."

"Tatu kwa nyumba nzima?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Tatu kwa chumba, sir."

Jamani, mimi ni mtu wa Kitale. Kwetu sakafu ya saruji haijaoshwa mpaka imemwagiwa maji, ikasuguliwa kwa ufagio wa chelewa, na maji yakafukuzwa hadi nje kuku wakakimbia. Kupitisha kitambaa kilichokamuliwa, kwetu huko ni kuidanganya nyumba. Nilikuwa najivunia ndoo zangu. Nilidhani ndizo zinazonitofautisha na wavivu.

Sir alisimama akajikung'uta kandura. "Basi maji ya ukutani tumeyajua yanatoka wapi," akasema. Hakunigombeza. Alimbusu mama yake kwenye kipaji cha uso, akamwambia dereva wa Abu Dhabi atakuja Jumamosi ya wiki ijayo asubuhi, akaondoka.

Nililia jikoni, uso kwenye aproni. Bibi alikuja akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Ndoo tatu!" akasema. "Mie nilidhani unasafisha, kumbe unalima mpunga."

Nikacheka na kamasi zikatoka. Ndipo nikajua bado hatujashindwa, maana utani umerudi.

Usiku huo sikufanya lolote, nililala kama gogo. Lakini asubuhi nilifungua daftari langu. Kurasa za mbele zilijaa nyumba nitakazojenga Kitale. Bibi alikuwa amezikagua zote, akaona moja yenye madirisha kumi na mbili akaniuliza wageni wataingia chooni kupitia dirisha gani, maana choo nilikisahau. Nikaruka kurasa hizo, nikaanza ukurasa mpya, na kwa penseli ileile nikaenda kuchora mstari ukutani, ndani ya kabati, pale unyevu ulipoishia. Halafu nikajipa sheria. Siku nne, kitambaa kilichokamuliwa tu. Hakuna ndoo. Hakuna udi.

"Hakuna udi?" Bibi akashtuka. "Nyumba ikae uchi?"

"Siku nne tu, Bibi. Iseme ukweli wake."

"Ukweli wake unanuka," akasema, lakini akaficha chetezo mwenyewe chini ya sinki.

Na kweli ilinuka. Siku ya pili bila udi, hata mimi nilianza kuisikia nikiwa jikoni: harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Siku ya tatu unyevu ulikuwa umevuka mstari wangu wa penseli kwa upana wa vidole viwili, na sakafu ilikuwa haijaonja hata tone la deki. Nilitaka kumpigia sir pale pale. Lakini nikakumbuka alivyonitazama, nikaona afadhali kwanza nijue maji yanatoka wapi, nisije nikaulizwa swali la pili nikakosa jibu.

Masikio yangu yalikuwa huru sasa. Nikikaa pale nikikunja nguo, nilisikiliza na kuandika. Asubuhi mapema, tulipokuwa tumezima AC ili tufungue madirisha, kimya. Saa nne, AC imewashwa, bado kimya. Saa tano na kitu, tep. Mchana kutwa, tep, tep. Siku hiyo ilikuwa ya nne, Jumanne, sir angekuja, tukazima AC alasiri. Kabla hajafika, tep zikaachana, zikachelewa, zikafa. Nilitazama daftari langu hadi macho yakaniuma. Kisha nikainua macho polepole kutazama juu, kwenye dari, pale panapotokea upepo wa baridi.

Nyumba yetu ya Kitale ilikuwa ya mabati, na mvua ya kule haina adabu. Mama yangu alitukanya kila mara: usitafute tundu panapodondoka, maji yana miguu. Yanaingia kwenye bati upande wa jikoni, yanatembea juu ya mbao, yanakuja kudondokea kitabu chako cha hesabu chumbani. Sisi sote, na fundi juu yetu, tulikuwa tunatafuta bomba chini kwa sababu ukuta umelowa chini. Hakuna aliyemuuliza AC.

Jumanne ile sir alikaa robo saa tu sebuleni, madirisha wazi, akanywa kahawa, akatoka jasho, akaenda kabla sijathubutu kumwambia. Bado Alhamisi. Jumamosi dereva.

Jumatano nilimkalisha Bibi nikamwonyesha daftari. Alivaa miwani, akafuata mistari yangu kwa kidole. Alielewa haraka kuliko mimi.

"Kwa hiyo ukuta unalia AC ikiwaka," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Kwa hiyo kesho sir akija, tusiizime."

Akavua miwani. "Haiwezekani."

"Bibi?"

"Nimuue mwanangu? Ana kifua yule."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nani ana kifua?"

"Mwanangu! Alipokuwa na miaka minne alikohoa miezi mitatu. Nililala nimemkalisha mapajani. Daktari kasema asipigwe na baridi. Sasa mie nimketishe chini ya baridi ile inayotoka darini, akirudi kwake ashikwe?"

"Bibi," nikasema, na nilijitahidi sana kuuweka uso wangu sawa, "sir ana miaka hamsini na kitu."

"Kifua hakina miaka."

"Ofisini kwake kuna baridi ya kuhifadhia nyama. Kwenye gari lake kuna baridi. Nyumbani kwake nilienda siku ya Idi, nikavaa sweta."

"Huko simwoni," akasema. "Hapa namwona."

Nikakaa chini kwenye zulia. Kumbe ndiyo hivyo. Mwaka mzima mama anamzimia mwanawe baridi ili asikohoe. Mwana anakaa kwenye joto, anatoka jasho kwa adabu, hasemi neno, na moyoni anahesabu: mama yangu anapotea. Na ukuta nao ukikosa baridi unanyamaza. Na udi wa kumkaribisha unafuta harufu. Yaani kila heshima tuliyomwandalia ilimkanusha Bibi mbele yake.

Nilimweleza hivyo, kwa Kiswahili changu chenye mabonde. Alikuwa anazungusha pete yake kidoleni.

"Anadhani nimesahau kuwasha?" akauliza.

"Nafikiri hivyo, Bibi."

"Ebo." Kisha akainuka kwa fimbo, akaenda kabatini, akawa anatafuta kitu kwenye mtoto wa juu. "Basi atavaa shali," akasema. "Bila shali, sikubali. Niende tu nikaishi huko angani na ndege."

Alhamisi sir aliingia, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea ghorofa. AC ilikuwa inaunguruma tangu asubuhi. Hakukuwa na udi. Nikaona pua yake ikisogea, mara moja, mara mbili. Hakuuliza. Bibi alimpeleka chumbani, akamketisha kitandani, na kabla hajafungua mdomo akamfunika mabega kwa shali ya pamba ya rangi ya waridi, akaifunga fundo chini ya kidevu.

"Mama, hii ni nini?"

"Kifua chako."

"Mama, mimi sina kifua."

"Nyamaza usikilize."

Akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati, nimefunga mikono nyuma, moyo unapiga kwa nguvu hadi nikaogopa utaizuia ile sauti nyingine. Wakati ule nilimwomba Mungu wangu na wa Bibi kwa pamoja.

Tep.

Sir aligeuza kichwa.

Tep.

Alisimama na shali yake, akaenda akaweka sikio ukutani. Alikaa pale muda mrefu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umefanana na wa mtoto aliyevunja kikombe.

"Lakini mbona siku zote..."

"Siku zote nakuzimia," Bibi akasema. "Usikohoe."

"Unanizimia mimi?"

"Nimzimie nani? Mie mwenyewe hufa kwa joto."

Alikaa chini tena, taratibu. "Mama, mwaka mzima nakaa humu jasho linanitiririka, nasema mama kasahau AC."

"Na ulikuwa na mdomo," Bibi akajibu. "Ungeuliza."

Nikaanza kucheka kidogo, kisha nikaacha, kwa sababu sir alikuwa ananitazama.

"Wewe," akasema. "Nilikuuliza pale kwenye lifti. Uliniambia hujasikia kitu."

Bibi akageuka polepole. Hilo hakulijua. Nilitamani kuingia ndani ya kabati nijifungie, ila mlango wake ulikuwa haufungi.

"Sikuwa nimesikia, sir. Nilikuwa na nyimbo masikioni. Kutwa nzima." Nikamgeukia Bibi. "Samahani, Bibi. Laiti ningezitoa siku moja tu."

Tep, ukuta ukasema, kama unanitetea. Bibi alinitazama mimi, akamtazama mwanawe na fundo lake la waridi chini ya kidevu.

"Tupo watatu humu," akasema hatimaye. "Mmoja jasho, mmoja nyimbo, na mwenye masikio ndiye anayepelekwa Abu Dhabi." Akainyoosha fimbo kuelekea simu ya sir. "Mpigie dereva."

Sir akapiga pale pale. "Usije Jumamosi," akasema. "Hapana. Wala Jumamosi nyingine."

Ijumaa baada ya sala mlinzi wa jengo, tunayemwita natur kama wote wanavyoitwa hapa, alikuja na fundi wa AC kutoka Al Quoz. Walifungua kifuniko cha dari kwenye korido. Fundi aliingia juu hadi kiunoni, miguu ikibaki kwenye ngazi, akawa anaguna. Kisha akavuta kutoka kwenye mrija wa kutolea maji kitu kirefu cha kijivu, kinateleza, mfano wa utumbo wa kuku. Mrija uliziba. Maji ya AC yalijaa kwenye trei, yakamwagika pembeni, yakatembea juu ya chuma hadi ukutani, yakashuka nyuma ya kabati. Maji yana miguu.

"Fundi wa bomba hakuyaona haya?" Bibi akamuuliza natur.

"Fundi wa bomba anaona bomba, mama," natur akajibu.

Walihamisha kabati, wakasogeza kitanda hadi karibu na mlango, wakakata ukuta wa jipsam, ule wa bodi za jasi, kipande cha ukubwa wa sinia. Ndani kulikuwa kweusi kama chungu. Wakasugua, wakatia dawa, wakasema tundu liachwe wazi wiki mbili likauke, na asilale mtu humo. Bibi akahamia sebuleni kwenye godoro, na kutoka pale akawa anaiongoza nyumba nzima kwa fimbo. Sir alianza kuja siku nyingine pia, bila miadi, AC inawaka. Shali alikuwa anaivaa mwenyewe akiingia, bila kuambiwa. Bibi alijifanya haoni.

Mimi nilibaki na ndoo moja. Sikuwa nimeagizwa, niliona tu inatosha. Bibi aliuliza kama nimeugua.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana Bibi alilala sebuleni, mdomo wazi kidogo, mkono umeanguka pembeni ya godoro. Natur alikuwa ameahidi kuja jioni na kijana mwingine kurudisha vitu. Niliingia chumbani peke yangu, nikapiga magoti mbele ya lile tundu, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Nikapapasa juu, nikapapasa chini, nikapapasa kona zote. Palikuwa pakavu. Vidole vilitoka na vumbi jeupe tu, nikalinusa, halikunuka kitu.

Nikaufuta mkono kwenye aproni. Kisha nikaenda mlangoni kilipo kitanda, kile cha mbao nzito chenye miguu minne ya kuchonga, nikakunja kitambaa chini ya kila mguu kisikwaruze sakafu. Nikaegemeza mgongo, nikasukuma. Kikasogea upana wa kiganja. Nikasikiliza kama Bibi ameamka. Nikasukuma tena, kiganja kwa kiganja, mpaka kichwa cha kitanda kikagusa ukuta mahali pake.